Nani Bado Yu Hai? Mbinu za Kusoma Fantasia Bila Kupoteza Uzi

Msomaji wa fantasia huku kwetu hasomi vitabu kwa mpangilio anaoutaka. Anasoma alivyovipata. Cha pili umeazima kwa rafiki. Cha kwanza umekikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba miezi mitatu baadaye. Cha nne kipo maktaba, ila kuna mtu kakishika tangu likizo. Siku kitakapokufikia, umeshasahau nani alimsaliti nani, upanga uko kwa nani, na yule mzee mwenye fimbo alikufa kweli au alijifanya kufa.

Huhitaji kichwa cha kukariri. Unahitaji daftari moja, tabia mbili tatu ndogo, na simu itumike kwa kazi inayoiweza tu. Twende.

Jua mpangilio kabla hujaanza

Ukishika kitabu kigeni, usikimbilie sura ya kwanza. Kurasa za mwanzo kabisa huwa na orodha ya vitabu vingine vya mwandishi yuleyule. Angalia kama hiki kina wenzake, na chenyewe ni cha ngapi. Kisha tafuta mwaka kilipotoka mara ya kwanza. Umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa hakimiliki. Dakika moja inatosha.

Ukiwa na shaka, fuata mwaka wa kuchapishwa. Narnia, vitabu saba vya C. S. Lewis, ndiyo inayowachanganya wengi. The Magician's Nephew ilitoka 1955, lakini inasimulia jinsi nchi ile ilivyoanza, kwa hiyo matoleo mengi ya siku hizi yameipa namba 1. Lewis mwenyewe alianza na The Lion, the Witch and the Wardrobe mwaka 1950. Anza na hiyo. Raha ya lile kabati ni kuingia hujui ndani kuna nini.

Mifululizo mingine haikudai uanzie mwanzo. Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, za kuanzia 1983 hadi 2015, na hakuna aliyekuamuru uzisome kwa foleni. Ndani yake mna mifululizo midogo midogo. Kijana aingie kwa The Wee Free Men ya 2003, ambamo Tiffany Aching, msichana wa miaka tisa, anakwenda kupambana akiwa na kikaango mkononi. Vitabu vyake ni vitano. Ukinogewa, 36 vingine vinakungoja.

Jihadhari na kitabu kimoja chenye majina mawili. Harry Potter ya kwanza ni The Philosopher's Stone Uingereza na The Sorcerer's Stone Marekani. Northern Lights ya Philip Pullman ndiyo hiyohiyo The Golden Compass. Akata Witch ya Nnedi Okorafor iliwahi kuuzwa kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Mitumba hutoka pande zote, kwa hiyo majina yote mawili unaweza kuyakuta kwenye meza moja. Yaandike pamoja daftarini, usije ukalipia kitu ulichonacho.

Ulizia pia kama mfululizo umekwisha. The Wheel of Time umekwisha: vitabu 14, vitatu vya mwisho vikiwa vimekamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Robert Jordan kufariki mwaka 2007. The Name of the Wind ya Patrick Rothfuss ilitoka 2007, cha pili kikafuata 2011, na cha tatu wasomaji wamekingoja zaidi ya miaka kumi. Sikukatazi kuusoma. Ila uanze ukijua, na kwenye daftari uandike "haujaisha".

Daftari lenyewe

Nunua kaunta buku. Usitumie karatasi za kuchana wala kurasa za nyuma za daftari la Jiografia. Hili linatakiwa lidumu miaka, maana waandishi wa fantasia hawana haraka. Ursula K. Le Guin alitoa kitabu cha tatu cha Earthsea mwaka 1972, na cha nne, Tehanu, mwaka 1990. Rick Riordan aliufunga mfululizo wa Percy Jackson and the Olympians kwa kitabu cha tano mwaka 2009, halafu 2023 akaleta cha sita. Aliyekuwa na miaka 12 alipofunga cha tano alikuwa na 26 cha sita kilipofika. Kama alikuwa ameweka ukurasa mmoja wa maelezo, aliendelea usiku uleule.

Mbele ya daftari weka orodha. Kila kitabu mstari mmoja: jina, mwandishi, namba katika mfululizo, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, na kimetoka wapi. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Usiiruke. Ndiyo itakayokukumbusha mwaka ujao kwamba cha pili ulikipata kwa binti wa jirani, na huenda cha tatu anacho.

Sasa geuza daftari, anzia nyuma. Huku ndiko kwenye kazi yenyewe. Kila mfululizo upe kurasa nne, hata kama kwa sasa una kitabu kimoja tu. Ukurasa wa kwanza ni wa watu na mahali. Tuchukue Akata Witch ya 2011. Ukishasoma sura za mwanzo, ukurasa wako utakuwa na sura hii:

Sunny – miaka 12. Kazaliwa Marekani, anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino.
Orlu – anasoma naye. Hutengua vitu.
Chichi – rafiki wa Orlu. Anajua mengi kuliko anayosema.
Sasha – katoka Chicago. Mkorofi.
Leopard People – wenye uchawi. Lambs – wasio nao.
Chittim – pesa. Humwangukia mtu akijifunza jambo jipya.
Black Hat – anateka watoto. Anawataka wa nini?

Hakuna hata sentensi moja ndefu hapo. Mtu mmoja, mstari mmoja, kitu kimoja cha kumtambulisha. Mstari wa mwisho umeishia na swali kwa makusudi. Ukirudi baada ya miezi sita, swali ndilo litakalokuvuta ukae usome.

Mhusika mwenye majina mengi mpe mstari mmoja wenye majina yote. Katika A Wizard of Earthsea, kijana mmoja ni Duny utotoni, Sparrowhawk kwa watu wote, na Ged kwa wale wachache anaowaamini. Usipoyaweka pamoja, utadhani unasoma habari za watu watatu.

Majina yanayofanana yaweke jirani. Tolkien ndiye bingwa wa kututesa hapa. Sauron na Saruman ni wawili tofauti, na wote wabaya. Éomer na Éowyn ni kaka na dada. Boromir na Faramir nao ni ndugu. Kando ya kila jina andika kitu unachoweza kukiona kichwani: Saruman, mnara, Sauron, jicho. Matamshi yasikusumbue. Tamka utakavyo, mwandishi hayumo chumbani.

Aliyekufa mpigie mstari mmoja tu katikati ya jina. Usimfute. Kwenye fantasia marehemu wana tabia ya kurudi.

Mistari mitatu kila ukifunga kitabu

Tabia hii ukiishika, hizo nyingine zinaweza hata kusubiri. Kabla hujaweka kitabu chini, andika mistari mitatu kwa kalamu ya risasi: wako wapi, kimebadilika nini, na wewe unajiuliza nini. Kwa mfano, umeachia The Hobbit ya Tolkien pale Bilbo anapotoka kwenye mapango ya milimani:

Katoka. Pete anayo mfukoni.
Thorin na wenzake 12 wote wazima. Hawajaambiwa habari za pete.
Gandalf mbona kamtazama vile?

Sekunde arobaini, basi. Kesho hutarudi nyuma kurasa kumi kutafuta ulipoishia. Usipendezeshe maneno, hakuna mwalimu atakayesahihisha. Mistari mingine utaifuta baadaye ukiona haina maana, na ndiyo sababu nimesema kalamu ya risasi.

Ukimaliza kitabu, kuna ukurasa mmoja zaidi. Uandike juu yake "Kabla ya kinachofuata". Uandikwe siku hiyohiyo, kabla hujalala. Weka mambo manne. Nani kafa. Nani anajua siri gani, na nani hajui. Kitu gani kiko mkononi mwa nani. Ahadi au kiapo gani hakijatimizwa. Hapo huandiki muhtasari wa shule. Fantasia husukumwa na vitu na viapo: ufunguo, pete, deni, unabii. Ukiyajua mambo hayo manne, mapigano na safari ndefu za katikati zitakurudia zenyewe ukianza kusoma.

Ramani, kurasa za nyuma na maneno magumu

Kitabu kikiwa na ramani, ipige picha kwa simu kabla hujaanza. Itakuwa wazi pembeni yako, nawe hutakuwa unafunua mbele na nyuma mpaka jalada lilegee. Kwa kitabu cha kukopa maktaba, hii ni lazima, maana kitabu kitarudi na ramani yake.

Funua pia kurasa za mwisho. Eragon ina orodha ya maneno huko nyuma, na maana zake. The Return of the King ina viambatisho virefu kuhusu wafalme, miaka na lugha. Wapo wanaofika ukurasa wa mwisho ndipo wagundue kwamba majibu yalikuwa humo siku zote. Ila kwa Tolkien, soma viambatisho ukishamaliza hadithi. Vimejaa habari za mbele.

Kama unasoma kwa Kiingereza, usiwe mtumwa wa kamusi. Maneno mengi yanayokukwamisha yametungwa na mwandishi, kamusi yako ya shule haina habari nayo. Dalili ni hizi: neno limeanza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, limelazwa, au wahusika wengine nao wanauliza maana yake. Hilo liache, litaelezwa mbele. Neno la kawaida likikutokea mara ya tatu na bado hulielewi, hapo sasa ulitafute.

Kusoma kila siku bila kujitesa

Funga usomaji kwenye jambo unalolifanya kila siku tayari. Baada ya chakula cha usiku. Ukiwa kwenye daladala, kama umepata kiti. Shule ya bweni, ile nafasi kati ya kuoga na taa kuzimwa. Prepo iache iwe ya masomo. Mwalimu wa zamu akikunyang'anya kitabu cha kuazima, kesi itakuwa na watu watatu.

Lenga kurasa kumi kwa siku. Ni chache kwa makusudi. Siku ya mtihani utazimudu, siku ya Jumamosi utazipita mara tano. Usidai deni la jana. Ukiruka siku mbili, anza tena na kumi.

Usiachie mwisho wa sura. Waandishi hawa wanajua kazi yao: sura inaisha mlango unagongwa, na aliye nje hajatajwa. Utasema "moja tu ya mwisho" mpaka jogoo awike. Achia katikati ya sura, pale wanapokula au wanapotembea. Andika mistari yako mitatu, lala. Ni mbinu ndogo inayookoa usingizi kuliko saa ya mezani.

Mwanzo ukiwa mzito, vumilia kwa kipimo. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, ana kanuni ya kukipa kitabu kurasa 50 kabla ya kuamua. Kwa fantasia ya kurasa mia sita naona hizo hazitoshi, kwa sababu mwandishi bado anajenga nchi. Mimi ningekipa mia. Zikipita bila mtu hata mmoja unayemjali, kifunge. Andika kwenye orodha "nimeacha uk. 112" na sababu kwa maneno machache: "vita tu", "simpendi shujaa", "Kiingereza kigumu kwa sasa". Hiyo ya mwisho ina thamani, maana baada ya miaka miwili utakirudia na kukishangaa.

Vitabu viwili kwa wakati mmoja ruksa. Mifululizo minene miwili kwa wakati mmoja, hapana. Utaanza kutafuta joka la huku katika ufalme wa kule. Cha pili kiwe chembamba na cha aina nyingine kabisa.

Hapo ndipo pa kuviweka vitabu vyetu. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni nchi inayoelea angani, na habari zake zinatolewa mbele ya baraza katika kesi ya Karama. Adili na Nduguze, ya 1952, ina mtawala mwema anayewachapa nyani wawili kila usiku, na sababu yake utaijua ukisonga mbele. Vyembamba vyote viwili, lakini navyo vinataka daftari. Kwa Kusadikika chora mistari sita, mmoja kwa kila mjumbe aliyetumwa nchi za mbali, uandike alikwenda upande gani na alirudi na nini. Ukifika kidato cha juu na unataka kitu cha kukutoa jasho, Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 za Euphrase Kezilahabi ni fupi kwa kurasa na ndefu kwa kichwa. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya 2002, iko humohumo. Hizi zisome mchana.

Simu ifanye kazi gani

Programu za kuweka rekodi ni nzuri kwa orodha, dhaifu kwa kumbukumbu. Zitakuambia umesoma vitabu vingapi. Hazitakuambia Bilbo alimficha nani habari za pete. Kwa hiyo daftari libaki, simu iwe msaidizi.

Goodreads ni kongwe na ina watu wengi. Ilianza 2007, na Amazon wakainunua 2013. Inakupa rafu tatu: unavyotaka kusoma, unavyosoma sasa, ulivyosoma. The StoryGraph ni ya baadaye, imetengenezwa na Nadia Odunayo, na ndiyo ningekushauri uanze nayo. Inakupangia vitabu kwa hali: cha kusisimua, cha giza, cha kuchekesha. Pia inakuruhusu kutoa nusu nyota na hata robo. Kama tayari uko Goodreads, unaweza kuhamisha orodha yako yote kwa faili moja. Huduma ya msingi haina malipo kwa zote mbili.

Usishangae ukikosa vitabu vya Kiswahili humo, au ukikuta jina tu bila jalada. Hivyo viandike daftarini na maisha yaendelee. Na kama umri wako haujafika miaka 13, baki na daftari kwanza, au akaunti ifunguliwe na mzazi. Kwa wote: jina la shule, namba ya simu na picha ya sare haviingii kwenye wasifu.

Changamoto za mwaka, zile za "nitasoma vitabu 40", zitumie kwa akili. Kwenye hesabu hizo kila kitabu ni kimoja. Harry Potter ya kwanza, toleo la Uingereza, ina kurasa 223. Ya tano ina 766. Anayefukuza idadi ataanza kukwepa vitabu vinene, na fantasia bila vitabu vinene inabaki na nini? Jiwekee lengo la kurasa. Au jiwekee lengo la kumaliza mifululizo miwili uliyoiacha njiani.

Kuhusu nyota, sitazigombania. Ila kuna swali linalofaa zaidi, na lina jibu la mstari mmoja: ningempa nani kitabu hiki? "Amani, anapenda majoka." "Shangazi, ana subira." Mwaka ukiisha, orodha hiyo itakusaidia kuliko nyota zote, hasa siku ya kutafuta zawadi.

Usimtafute mhusika mtandaoni

Umesahau Sirius wa Harry Potter ni nani, unaandika jina lake kwenye Google. Kabla hujamaliza kuandika, mapendekezo yanakuuliza kama unataka kujua alivyokufa. Ndivyo vitabu vinavyoharibika. Kurasa za mashabiki nazo hufunguka kwa aya inayotaja mwisho wa kila mtu.

Anza na ukurasa wako wa wahusika. Kama umekwama kabisa, usitafute mtu. Tafuta kitabu ulichokwisha kukimaliza, fungua ukurasa wake kwenye Wikipedia, soma sehemu ya msuko tu, funga. Usiguse viungo vya buluu.

Njia bora kuliko intaneti iko sebuleni. Wasimulie wadogo zako. Kabla hujafungua kitabu cha tatu, kaa nao usiku, "hadithi hadithi", uwape cha kwanza na cha pili kwa dakika kumi. Utakapoanza kubabaika, hapo ndipo penye pengo, fungua daftari. Watoto hawana huruma, watakuuliza ulikomuacha yule farasi.

Vitabu vitoke wapi

Anza na maktaba ya umma iliyo karibu, hata kama watu wamekuambia haina kitu. Rafu ya watoto na vijana mara nyingi imejaa misaada ya nje, na humo fantasia haikosi. Muulize mkutubi kwa jina la mwandishi, usiulize "fantasia".

Kwenye meza ya mitumba, kagua kabla ya kupatana bei. Fungua ukurasa wa mwisho uone kama hadithi imeisha kweli au imekatika. Pitisha kidole kwenye mgongo, kurasa zilizolegea ndizo zitakazodondoka kwanza. Soma namba za kurasa pale katikati. Kitabu kilichopungua kurasa nane kinaweza kuwa kilekile kilichopoteza siri yote.

Ukiwa na simu na Wi-Fi ya mahali fulani, Project Gutenberg inatoa bure na kihalali vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani. The Princess and the Goblin ya George MacDonald, ya 1872, imo. The Wonderful Wizard of Oz ya 1900 imo, na L. Frank Baum aliandika vitabu 14 vya Oz kwa jumla, mfululizo mzima wa kukuweka mwaka. Five Children and It ya E. Nesbit, ya 1902, nayo imo, na bado inachekesha. Chagua faili la EPUB lisilo na picha, ni dogo, bando halitaumia. Lifungue kwa programu ya ReadEra, inasoma bila intaneti. Zile PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ziache. Mwandishi hapati kitu, kurasa zimepinda, na sura ya mwisho ndiyo huwa haimo.

Kisha kuna suala la kuazimana, linalovunja urafiki mwingi kuliko linavyostahili. Tenga ukurasa daftarini: kitabu, aliyekichukua, tarehe, siku ya kurudisha. Viandike mbele yake. Na mpige picha akiwa amekishika. Atacheka, wewe utacheka, na baada ya miezi miwili utamtumia picha hiyo bila neno hata moja. Wewe nawe ukiazima, andika tarehe yako na ukirudishe kitabu na jalada lake. Mwenye sifa ya kurudisha ndiye hupewa cha nne kabla ya wengine.

Kama tayari uko katikati ya mfululizo

Usianze daftari kwa kurudia kila kitu ulichowahi kusoma. Utachoka kabla ya kufika popote. Chagua mfululizo mmoja, ule ambao kitabu chake kinachofuata unakitarajia karibuni. Kaa dakika kumi na tano, vitabu vikiwa vimefungwa, uandike unachokumbuka: watu, mahali, siri, viapo. Pasipo na jibu acha nafasi tupu, usibuni.

Halafu rudi kwenye kitabu cha mwisho ulichokisoma, soma sura tatu za mwisho tu. Nafasi nyingi zitajijaza. Zile zitakazobaki muulize aliyekuazima kitabu, ila umwambie kwanza umefika ukurasa wa ngapi, na asipite hapo.